Jora Ambalo Hatukulifungua

Wahasibu hatupendwi, na mara nyingi kwa haki. Sisi ndio tunaomrudisha mtu mlangoni kwa sababu risiti yake haina tarehe. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wengi. Idara yetu ilikuwa mtaani Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka lililouza baiskeli enzi zile baiskeli zilipokuwepo, na watu wakisikia viatu vyangu kwenye ngazi walianza kupanga karatasi zao upya. Nilijua, na nilifurahi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, natoka Kilimanjaro, na nilikwishaambiwa usoni kwamba kwetu tunazaliwa tukijua kuhesabu. Nikaona bora wanione mkali kuliko wanione mwizi.

Kazi ya idara ilikuwa kununua vitu vya hospitali na vya makao ya wazee wasiojiweza. Sabuni, maharage, mablanketi, karatasi. Na kitambaa cheupe cha sanda, kwa ajili ya wale waliofariki bila ndugu wa kuwachukua. Ilikuwa miaka ya uhaba. Hata mwenye ndugu zake, akifiwa, alianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, akapewa barua ya kuthibitisha kwamba kweli maiti yupo, ndipo aende kupanga foleni duka la ushirika apate yadi za kumsitiri mtu wake. Basi fikiria asiye na mtu. Yeye alikuwa na sisi tu.

Kuhusu manunuzi nilikuwa na sanduku, na sanduku lile nililipenda. Lilikuwa la mninga, lenye mpasuo juu na kufuli mbili. Ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi, umefungwa kwa uzi shingoni ndani ya blauzi. Wa pili alikuwa nao katibu wa kamati ya zabuni. Tukitaka kitu, tuliandika barua moja, maneno yale yale, ikapelekwa kwa wauzaji watano wa Kariakoo siku moja, asiwepo aliyesikia mapema. Kila mmoja alileta bei yake ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, pamoja na sampuli. Siku ya kufungua tuliwaita wenyewe waje, tukasoma bei kwa sauti mbele yao, tukatia saini kila ukurasa. Hakuna aliyeninunua, hata kwa soda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari langu lilikuwa halina doa.

Mjomba wangu alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Nilipopata kazi ile, jambo la kwanza nililofanya ni kuliondoa jina lake kwenye orodha ya wauzaji wetu, kwa mkono wangu. Yeye hakuamini. Jumapili moja akaniletea nyumbani mkungu wa ndizi mshare, zile za kwetu, zilizoshuka na lori kutoka mlimani. Jumatatu nikaubeba mkungu ule kichwani, nimevaa nguo za kazini, nikapita nao Mnazi Mmoja mpaka dukani kwake, nikautua mbele ya wateja. Alisema kwanza neno la Kichaga ambalo sitaliandika hapa. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Umesoma mpaka umepotea." Hakunisalimia tena kwa miaka. Nililia njiani, lakini nilirudi ofisini na kichwa kiko juu, na nikawa naisimulia habari ile kwa kila karani mpya. Siku hizi nikiisimulia naona aibu, kwa sababu mtu akishaona mlango mmoja ameulinda vizuri, hakumbuki kwamba nyumba ina mlango wa uani.

Mlango wetu wa uani ulikuwa ghala.

Mtunza ghala alikuwa mzee mrefu wa Buguruni, mkimya, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi na miwani iliyofungwa kwa kamba ya katani. Alianza kutunza maghala tangu enzi za mkoloni. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi ambayo chuo hakikunifundisha. "Maharage hayaangaliwi, mwanangu, yananuswa," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa ya chini kabisa. Aliwahi kumrudisha mwenye sabuni na mkokoteni wake mzima kwa sababu miche ilikuwa na maji. Kanuni yetu ilikuwa kwamba anayeagiza si anayepokea, na anayepokea si anayelipa. Yeye alipokea, akapima, akatia saini. Mimi nilishuka, nikaona kwa macho yangu alichopima, nikatia saini ya pili, ndipo hundi ikaandikwa. Muhuri wetu ulikuwa na maneno matatu: IMEPOKELEWA, IMEPIMWA, IMEKUBALIWA. Mzee yule hakuwahi kuugusa muhuri ule kabla ya kupima. Nje ya kazi, mtaani kwake, ndiye aliyekuwa akiitwa kila palipokuwa na msiba, kuosha na kukata sanda. Nayataja haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyenikataza.

Zabuni ya sanda ilipita vizuri sana sandukuni. Mshindi alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye kabila lake sitalitaja, maana wizi hauna kabila. Bei yake ilikuwa ya chini na sampuli yake ilikuwa nzuri, bafta nzito, safi. Siku aliyoleta mzigo alikuja nao mwenyewe. Majora ishirini juu ya mkokoteni, kila jora limefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi. Kila moja, kwa mujibu wa hati, lilikuwa na yadi thelathini.

Nilishuka na fimbo ya yadi mkononi. Nilikuwa na mimba ya miezi sita.

"Shikamoo, mzee. Tuanze na lile la juu."

"Marahaba, mwanangu." Hakusogea. "Haya hayafunguliwi."

"Kwa nini?"

"Hizi si shuka. Ni sanda. Sanda haikunjuliwi wala haipimwi mpaka mwenyewe awe amelala. Ukiipima kabla, unaita mtu."

"Mzee, si wewe unayeniambia kila siku kwamba—"

"Najua nilichokwambia. Maharage nitakupimia punje kwa punje. Hizi sipimi." Kisha akalitazama tumbo langu, akainamisha macho. "Na wewe, na hali uliyo nayo hiyo."

Wapagazi wawili waliokuwa wakishusha mzigo walirudi nyuma mpaka mlangoni. Yule mfanyabiashara akaweka kiganja juu ya jora akawa analipapasa taratibu. "Mzee amesema kweli, mama," akasema kwa upole. "Hata sisi dukani hatuzikunjui. Zinatoka kiwandani hivi hivi."

Kwa mara ya kwanza katika kiti kile niliogopa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kanuni. Mimba mbili kabla ya ile zilikuwa zimeharibika. Ya pili ilikwishafika miezi mitano, na nilikwishamshonea nguo. Mimi ni Mkristo, nilifundishwa na masista kwamba mambo hayo ni giza, na ningeweza kusimama pale nikatoa hotuba. Badala yake niliisikia fimbo ya yadi ikiwa nzito mkononi, nikaiegemeza ukutani. Nikahesabu majora kwa kuyagusa karatasi tu. Yalikuwa ishirini. Mzee akatia saini, nami nikatia saini, muhuri ukapigwa na maneno yake yote matatu, kwa sababu hatukuwa na muhuri mwingine unaosema tuliogopa.

Binti yangu akazaliwa salama, mwezi wa tatu baada ya pale, analia mpaka wodi nzima ikacheka. Sitadanganya. Nilipomkumbatia niliwaza ghala. Nilijiambia nilifanya vizuri kumsikiliza mzee. Basi mzigo wa pili ulipokuja hakuna aliyeniambia nisifungue. Sikuleta hata fimbo. Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Mwaka mzima na zaidi nilikagua lakiri za bahasha kwa kioo cha kukuzia, na sanda nikazihesabu kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

Huwa naalikwa siku hizi kuzungumza na wahasibu vijana juu ya zabuni. Wanakuja na kalamu, wanataka nukta za kuandika. Nawaambia kwamba mizani ya maharage ilikuwa hatua tatu kutoka pale tuliposimama. Jora zima lina uzito wake, nusu jora lina uzito wake. Tungeweza kupima uzito bila kugusa uzi hata mmoja, mila ikabaki na heshima yake na serikali ikabaki na kitambaa chake. Au tungemwomba mwosha maiti wa hospitali atupimie kila alipokata, atuletee kikaratasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwaza. Vijana wanaandika "mizani" halafu wanasubiri nukta inayofuata.

Mwosha maiti alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mfupi wa makamo, amefika kwa miguu kutoka hospitali, na nilipompa kiti alikataa. Aliweka kifurushi juu ya meza yangu akakifungua. Kilikuwa kipande cha bafta, na kwenye ncha yake kimeshonewa kiroba cha unga. Maandishi ya bluu ya kiwanda cha unga yalikuwa bado yanasomeka.

"Nimeleta mfano," akasema. "Jora lilikuwa linanitoshea watu sita. Haya yenu yananitoshea wanne, na wa nne miguu inabaki nje. Naunga na viroba. Nimevifua sana, mama, lakini hayo maandishi hayatoki."

"Tangu lini?"

"Tangu la kwanza."

"Mbona hukuja kusema?"

Akanishangaa kweli. "Nilidhani mnajua. Nilidhani ndiyo hali ya nchi."

Nilimwomba aniachie kile kipande. Alikataa, alisema kina mtu wake.

Nilishuka ghalani bila fimbo, nikamweleza mzee maneno yale yale niliyoambiwa. Hakunibishia. Alikwenda kwenye rafu, akalitoa jora moja la mzigo wa nne, akalitua juu ya meza, akasema bismillahi, akakata uzi. Yadi tano za kwanza zilikuwa bafta nzuri kama ya sampuli. Zilizofuata zilikuwa nyepesi, ukiweka mkono nyuma yake unaona vidole. Kabla hajafika ya ishirini, kitambaa kiliisha. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ubao, mnene kupita ubao wa kawaida wa jora, umezungushiwa maboksi ili uvimbe. Akafungua la pili. Akafungua la tatu. La nne hakulifungua. Akakaa juu ya gunia la maharage, akavua miwani, akawa anaifuta kwa pindo la kanzu ingawa haikuwa na kitu.

"Nilikataza kwa heshima yao," akasema. "Kumbe nimewavua."

Nilipanda juu na ule ubao kwapani. Mkuu wa idara yetu alikuwa mtu wa haraka, si mbaya, mwoga kama sisi sote. Miezi ile msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto. Watu walikuwa wanatupa mitaroni vitu walivyonunua kwa jasho lao, mradi wasikutwe navyo. Kitambaa kilikuwa kitu cha kumfungisha mtu jela. Akausikiliza mkasa wangu mpaka mwisho huku mlango ameufunga.

"Ndugu mhasibu, saini yako ipo kwenye hati za mapokezi?"

"Ipo."

"Inasema imepimwa?"

"Inasema."

"Basi ilipimwa. Jora liliingia na yadi thelathini. Kama leo hazifiki ishirini, aulizwe anayekaa na ufunguo wa ghala."

"Na huu ubao?"

"Ubao anaweza kuuweka yeyote." Akainama kidogo, akashusha sauti, na nadhani alidhani ananisaidia. "Ukisema hukupima, umeandika uongo kwenye hati ya serikali, na fedha za serikali zimelipwa kwa uongo huo mara nne. Unajua siku hizi mtu kama huyo anapelekwa wapi. Mtoto wako ameacha kunyonya?"

Hajaacha, nikajibu.

Hapo ndipo nilipoielewa saini yangu. Nilidhani nimewekwa pale niilinde mali ya umma. Kumbe kwa mwaka mzima nilikuwa namlinda yule mfanyabiashara. Kila karatasi yake ilikuwa safi kwa sababu niliisafisha mimi. Aliyebaki bila ulinzi wowote alikuwa mzee aliyekaa na ufunguo.

Walikuja watu watatu kufanya uchunguzi. Walikaa kwenye chumba kile kile cha kufungulia zabuni, na sanduku langu la mninga lilikuwa kwenye kona. Waliniita mimi kwanza, mzee akiwa amekaa kwenye benchi palepale ndani. Mmoja akaniuliza kama nilipima.

Nilikuwa nimekesha na jibu langu. "Nilitia saini kwa kumwamini mtunza ghala," nikasema.

Hakuna neno la uongo ndani yake, unaweza kulitazama moja moja. Lakini nilipolimaliza nililitazama sanduku la mninga, sikulitazama benchi.

Wakamgeukia mzee. Angeweza kusema kwamba mfanyabiashara alikuwepo siku ile na alisema hivi na vile. Angeweza kusema kwamba mara ya pili, ya tatu na ya nne sikuja hata na fimbo. Angeweza kulitaja tumbo langu, na kwamba yeye alinihurumia. Alisimama, akavua kofia.

"Huyu mama alikuja na fimbo ya yadi," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Yule mwenye kalamu akaandika kwamba mtunza ghala alizuia ukaguzi. Kwa lugha yao jambo likawa limekwisha. Mwenye nia njema azuie ukaguzi kwa nini? Mzee alijaribu kueleza habari ya sanda, kwamba haipimwi, na mmoja wao akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka kisingizio cha mtoto. Walimchukua mchana ule ule, kabla ya adhuhuri. Aliomba apewe ruhusa akachukue miwani yake ghalani. Wakampa. Alipita karibu yangu kwenye ngazi akasema "Haya, mwanangu," kama anavyosema kila siku jioni akitoka kazini.

Alikaa ndani zaidi ya mwaka. Kesi haikusomwa. Siku moja wakamfungulia wakamwambia nenda, na hakuna aliyemwambia kama ana hatia au hana. Kazini akawa amekwishafutwa. Yule mfanyabiashara alibaki kwenye orodha yetu, maana ningemwondoa kwa kosa gani? Nilianza kupima uzito wa majora kwa mizani, naye akaacha kuleta bahasha, kimya kimya, akahamia kwa wanunuzi wengine. Nilimwona mara moja nje ya soko jipya la Kariakoo, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Mkono ulikwenda wenyewe, na mpaka leo nauchukia.

Nilikwenda Buguruni na kilo mbili za sukari, kitu ambacho siku zile usingekipata bila kujuana. Nyumba niliulizia, na mwanamke niliyemuuliza akanijibu, "Yule mwizi wa sanda?" akanionyesha kwa kidole. Kuna majina mabaya duniani, lakini kuiba kuku na kuiba sanda si kitu kimoja. Mzee aliyekuwa akiitwa kwenye kila msiba sasa walikuwa wanazika nyumba ya pili kutoka kwake bila kumpa habari. Alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Miguu ilikuwa imevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Anatembea?"

"Anakimbia sasa."

"Alhamdulillahi," akasema, na alifurahi kweli, nilimtazama usoni nikitafuta kinyongo nisikione. Ningependa angenitukana. Mkewe alitoka ndani, akaipokea sukari, akarudi ndani bila kunisemesha.

Nikamwambia nitaandika barua. Nitaandika kwamba majora yaliingia yakiwa mafupi, kwamba mwenye mali alikuwepo, kwamba sikupima na nikaandika nimepima. Alisuka ukili wake mpaka mwisho wa mstari.

"Andika," akasema. "Si kwa ajili ya kazi, kazi imeshapita. Andika nipate karatasi ya kumwonyesha imamu. Niwe naitwa kwenye misiba."

Hilo tu ndilo alilotaka kwangu. Niliiandika barua usiku ule ule, ukurasa mmoja na nusu. Wiki iliyofuata nikaiandika upya, nikipunguza makali. Kisha mkuu wa idara akahamishwa, nikasema ngoja nimjue mkuu mpya. Kisha mtoto akapata surua. Nilikuwa naibeba barua ile kwenye mkoba kila asubuhi na kurudi nayo kila jioni, miezi minne, mpaka bahasha ikalainika kama kitambaa. Mimi, niliyekuwa nikimrudisha mtu mlangoni kwa kuchelewesha risiti siku mbili.

Niliipeleka, ndiyo. Ilipigwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna aliyewahi kuniuliza neno. Lakini niliipeleka wiki moja baada ya kumzika mzee.

Habari ya msiba niliipata asubuhi ofisini, kwa mmoja wa wale wapagazi walioshusha mzigo wa kwanza. Sikuwaza mara mbili. Nilikwenda kwa mjomba wangu Kariakoo, nikasimama mbele ya meza yake kwa mara ya kwanza tangu ule mkungu, nikamwambia nataka bafta ya sanda, nzito, ya mtu mrefu, na sina barua ya mjumbe. Hakunijibu salamu. Aliinama chini ya meza, akatoa, akakata, akafunga. "Na hii nayo utanirudishia kesho?" akauliza. Nikachukua nikatoka.

Barazani Buguruni walikuwepo wanaume wachache, wachache mno kwa msiba wa mtu wa umri ule. Nilivua viatu nikaingia ndani kwa wanawake. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, na nilipompa pole alikitazama kifurushi kabla ya kunitazama mimi. Nikasema nimeleta sanda. Nikasema ni nzuri, ni kamili.

"Lete," akasema.

Aliifungua mbele ya wanawake wote. Akaitandaza kwenye mkeka, akaanza kuipima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye ncha ya kidole cha kati, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Hakuharakisha. Alipofika mwisho aliinua kitambaa akakiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza kiganja nyuma yake kuona kama vidole vinaonekana. Havikuonekana. Kisha akairudia tangu mwanzo, akapima mara ya pili, mkono kwa mkono, na mimi nimepiga magoti mbele yake kama mzabuni anayesubiri jibu.

"Imetimia," akasema. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Haya, mhasibu. Sasa andika imepimwa."